Morris Yenye Usukani wa Kushoto

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kumwambia mjane mmoja wa Koboko, bila yeye kuniuliza, kwamba mume wake alipigwa picha akiwa Kongo.

Nilisema kwa furaha, na hilo linanitia aibu kuliko kosa lenyewe. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo sikudhani mwingine yeyote mjini Arua angeligundua, na nilitaka lisikike.

Niliacha shule baada ya darasa la saba, nikatoka kwetu Ajia, nikapata kazi katika studio ya picha mjini. Mhindi aliyeijenga studio ile alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia pamoja na wenzake waliofukuzwa nchini, na duka lilikuwa limepewa mzee mmoja aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi ya jeshi, tangu enzi za Mwingereza. Tarumbeta aliijua. Kamera aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Wiki ya kwanza aliniambia, "Wewe iko na macho, mimi iko na funguo. Sisi wawili tunatosha," akaketi barazani, na tangu siku hiyo chumba cha giza kikawa changu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza dawa kwa kuharibu karatasi, na kwa hofu. Mimi ni mtu wa hofu tangu zamani. Nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu. Nikiandika ukurasa na herufi moja ikakaa vibaya, nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Katika chumba cha giza tabia hiyo ilinifaa, kwa sababu picha haivumilii uzembe, na watu wakaanza kusema picha zetu ni safi. Sikujua bado kwamba picha inaweza kuwa safi na ikawa ya uongo.

Mhindi alikuwa ameacha masanduku ya filamu za zamani, zile kubwa zilizokatwa moja moja, na kabati moja la magazeti ya magari kutoka Uingereza. Nilikuwa na kamusi iliyochanika, isiyo na kurasa za A na B, kwa hiyo maneno yote ya herufi hizo mbili niliyabahatisha. Mengine niliyatafuta moja moja. Kwa miezi mingi, mchana wateja wakiwa wachache, nilisoma magazeti yale kama wengine wanavyosoma msahafu au Biblia. Nilijua kwamba Morris ndogo za mwanzo zilikuwa na kioo cha mbele kilichogawanywa katikati, na za baadaye kioo kimoja kilichopinda. Nilijua Land Rover za mwanzo kabisa zilificha taa zake nyuma ya wavu, kisha taa zikachungulia, kisha miaka mingi baadaye zikahamia kwenye madigadi, pale juu ya magurudumu. Nilijua Austin zilizotoa kikono kidogo ubavuni zinapotaka kukata kona, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Kisha nikaanza kuyatafuta magari hayo katika masanduku. Mhindi alipenda kusimama mlangoni pake siku za soko na kupiga picha barabara, bila kuitwa na mtu. Nilichukua kioo cha kukuzia na kutazama nyuma ya mabega ya watu, kati ya baiskeli, chini ya vivuli vya baraza. Bampa inayochungulia, nusu ya tairi, kona ya boneti. Nikishaijua gari, nilijua picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Nikaanza kuwaambia wateja. Mtu analeta picha ya baba yake, mimi namwambia, "Hii si ya kabla ya hamsini na sita. Tazama kile kioo." Walishangaa. Mzee wa tarumbeta akanipa jina la Profesa ya Magari, akawa ananiita barazani kama mtu anayeonyesha jogoo wake.

"Profesa, toka. Huyu anasema babu yake alizaliwa na hii gari. Mwambie."

Sikuwa nimewahi kusifiwa. Sitasema zaidi ya hapo.

Yule mjane alikuja asubuhi moja, kabla sijajua lolote kuhusu pande za filamu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, Mnubi, amejifunga kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nilimwita haboba, kama tunavyowaita bibi zao hapa mjini.

"Kijana, mimi nasikia hapa iko masanduku ya Muhindi."

"Iko, haboba."

"Mzee yangu alipigwa picha hapa zamani. Hakurudi kuchukua. Alikuwa mutu ya kusahau."

Mume wake alikuwa dereva wa lori, alikufa mwaka uliopita, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Mwezi wa Ramadhani ukiisha, alisema, angefanya karama: angewaita watu, wangesoma, wangekula, wangemwombea marehemu. Alitaka siku hiyo sura yake iwe ukutani. Alinieleza alama zake: mrefu, kofia nyeupe, mkono kiunoni kama mwenye barabara.

Siku nne nilipekua masanduku. Siku ya tano nilimpata. Mtu mrefu, kofia nyeupe, mkono kiunoni, amesimama mbele ya Morris Oxford katikati ya barabara. Filamu ilikuwa imeharibiwa na joto. Ilikuwa imegandana na karatasi yake, na pande zote mbili ziling'aa sawasawa. Nilitumia mchana mzima kuondoa vumbi kwa brashi ya manyoya, chembe moja moja. Kisha nikaiweka kwenye mashine ya kukuza na kuisafisha picha, mara nne, mpaka nikapata weusi niliotaka.

Ndipo nikaitazama gari. Usukani ulikuwa kushoto.

Wenye kuishi kwetu wanajua maana yake. Arua magari yanapita kushoto na dereva anakaa kulia. Ukienda kidogo tu magharibi, ukavuka kizuizi cha mpaka, magari yanapita kulia na dereva anakaa kushoto. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Katika picha yangu mtu alikuwa ameketi ndani ya Morris, upande wa kushoto, mikono kwenye usukani. Nyuma yake Bedford yenye pua ya mviringo ilikuwa inakuja, imeshika upande wa kulia wa barabara. Mwisho wa barabara palikuwa na mteremko wa kilima mahali ambapo Arua haina kilima. Nyuma ya Morris palikuwa na baraza ya nguzo nne, nami nikaiita baraza ya Kongo. Hapakuwa na maandishi popote, na namba ya gari ilikuwa imefichwa na miguu ya marehemu. Nilijua pia kwamba Mhindi alivuka mpaka mara kwa mara, kwa maana sanduku lile lile lilikuwa na picha za kule. Kila kitu kilikubaliana. Morris ya usukani wa kushoto! Nilikuwa nimezisoma tu katika magazeti. Moyo ulinidunda kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Haboba aliporudi, aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Iko yeye," alisema. "Lakini ananiangalia kama mugeni."

"Ni kamera, haboba. Kamera inabadilisha mtu."

Nililijibu hilo upesi ili nifike kwenye langu. Nikamwonyesha usukani. Nikamwonyesha Bedford na upande wake, nikamwonyesha kilima. "Hapa si Arua," nikasema. "Hapa ni Kongo. Ni kitu adimu sana hiki."

Hakuuliza swali lolote kuhusu gari. Aliuliza, "Kongo wapi?"

"Pengine Aru. Pengine mbele zaidi."

Aliifunga picha katika leso, akashukuru kwa sauti ya chini, akaenda. Mzee wa tarumbeta alimtazama akivuka barabara. "Profesa," alisema, "huyo mama umempa nini? Alikuja na miguu miwili, anarudi na moja."

Nilidhani anatania.

Jibu lilikuja baada ya Ramadhani, kupitia kwa dereva mmoja aliyekuwa akituletea maagizo ya picha kutoka Koboko. Koboko ni mji wa madereva. Mpaka wa Kongo uko upande mmoja na wa Sudan upande mwingine, na Sudan nako siku hizo walikuwa wamehamia kulia, kwa hiyo mtu wa Koboko akitoka nyumbani hujiuliza kwanza leo anaendesha upande gani. Dereva huyo aliegemea kaunta na kuniuliza kama ni mimi niliyefungua kesi ya marehemu.

"Kesi gani?"

"Haboba amekataa karama. Watu walikuwa wamealikwa. Anasema mke wake ya Kongo apike."

Akanieleza kilichojulikana na Koboko nzima isipokuwa mimi. Kwa miaka mingi watu walisema mzee yule ana mke mwingine ng'ambo. Alikuwa akilala Arua wiki mbili, tatu, na mke wake alimwuliza kila mara kama amevuka. Kila mara aliapa: Arua ndiyo mwisho wangu. Alikufa akiapa hivyo, na mkewe alikuwa ameamua kumwamini. Sasa picha ilikuwa imesema.

Nitakiri nilichohisi. Nilihisi huzuni, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kitu cha kuridhika. Nilijiambia ukweli ni ukweli, na kwamba si mimi niliyevuka mpaka. Nilijiambia hivyo kila siku kwa wiki tatu hivi, na mtu mwenye hakika hana haja ya kujiambia jambo kila siku.

Wakati huo mzee wa tarumbeta alipata hamu ya kuwa na picha yake mwenyewe dukani. Alijua Mhindi alimpiga picha zamani akiwa na sare. Nikaipata filamu yake katika sanduku lile lile, imegandana vile vile, inang'aa pande zote mbili. Nikaondoa vumbi, nikaisafisha picha, nikaiweka kwenye fremu na kumpelekea barazani nikingoja sifa.

Aliitazama, akainua kichwa taratibu.

"Profesa. Mimi nimekufa lini?"

"Mzee?"

"Medali yangu iko kulia. Askari anavaa medali kushoto, juu ya moyo. Ikikaa kulia, mwenyewe amekufa, mtoto ndiyo anavaa. Tarumbeta nashika na mkono ya kushoto. Hata kifungo ya koti imefungwa kama ya mama." Akacheka mpaka akakohoa. "Umeniua na ukanivalisha koti ya mke yangu."

Sikucheka. Nilirudi ndani, nikaitoa filamu ya yule dereva wa lori, nikaiinamisha mbele ya dirisha mpaka mwanga ukaja kwa ubavu. Upande mmoja ulikuwa na mikwaruzo ya juu juu tu. Upande wa pili ulikuwa na mkunjo mdogo sana, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Huo ndio upande wenye picha, na ndio unaopaswa kutazama karatasi. Nilikuwa nimeilaza kinyume.

Niliisafisha tena. Ilipokuwa ikitokea ndani ya dawa, niliona kila kitu kikirudi mahali pake. Usukani kulia. Bedford upande wa kushoto wa barabara. Kilima kikakaa pale kilipo kilima cha Arua. Na baraza nyuma ya Morris, ile niliyoiita baraza ya Kongo, ilikuwa na nguzo nne na ufa kwenye ya tatu. Niliegemea nguzo hiyo kila siku nikinywa chai. Mzee yule alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu.

Na shati lake. Katika picha ya kwanza mfuko wa shati ulikuwa kulia. Nani ana shati la kiume lenye mfuko kulia? Nilikuwa nimeikagua gari ile kwa kioo cha kukuzia mpaka kwenye vifuniko vya magurudumu, lakini mtu aliyesimama mbele yake sikuwa nimemtazama hata mara moja, ila kukasirika kidogo kwamba anafunika namba.

Usiku huo sikula, na kesho yake nikaomba ruhusa. Mzee wa tarumbeta alisema naweza kutuma picha na barua. Nilifikiri hivyo pia, na nilikuwa nimekwisha kuandika barua hiyo mara sita. Mara ya sita nilitambua kwamba nilikuwa nikirekebisha mwandiko. Nikapanda lori la tumbaku kwenda Koboko.

Nilimkuta haboba uani, anasuka, pamoja na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na tabaga nyingi, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo mama wa Kinubi husuka na kutundika. Moja ilikuwa imetundikwa chini kuliko nyingine, na kona ya fremu ilichungulia nyuma yake. Alikuwa amemfunika.

Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilisema yote kwa mara moja. Nilikosea. Picha niliipindua. Si Kongo. Ni Arua, mlangoni kwetu.

Haboba hakuacha kusuka. "Ile siku ulisema Kongo. Leo unasema Arua. Ukirudi kesho utasema Makka?"

"Mwache," wifi yake alisema. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Ndugu yangu hakuwa mutu ya kuvuka."

"Wewe nyamaza. Ndugu yako alikuwa anavuka hata jikoni yangu bila ruhusa."

Nilitoa filamu, nikasimama mlangoni penye mwanga, nikamwomba aje aione. Nikaigeuza upande mmoja, nikaigeuza wa pili. Nikamwonyesha mfuko wa shati. Alitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama ujanja wa mwuzaji. Niliona kwamba haniamini, na kwamba ana haki. Nilimpa tu ile picha mpya.

Aliipokea, akaingia nayo sebuleni. Kisha akaondoa tabaga ukutani, akateremsha ile picha ya kwanza, akaziweka mbili mapajani. Kidole chake kilikwenda kwenye uso wa mume wake, kwenye kovu juu ya jicho, na kubaki hapo.

"Hendeli," alisema.

Sikuelewa. Wifi yake alisogea.

"Alikuwa anawasha lori ya tajiri wake na hendeli, ile chuma ya kuzungusha," haboba akaniambia. "Ikarudi, ikampiga hapa. Jicho ya kushoto. Mimi ndiyo nilimwosha damu. Siku saba nilimwosha." Akagonga picha mpya. "Hapa iko kushoto." Akagonga ile ya zamani. "Hapa, kulia."

"Miaka thelathini umelala na yeye," wifi yake alisema, "na hukujua jicho yake?"

"Sikuangalia," haboba alisema. "Huyu kijana alisema Kongo, mimi nikaacha kuangalia."

Kuku mmoja aliingia sebuleni na hakuna aliyemfukuza. Kisha haboba akaniuliza swali ambalo nililiogopa njia nzima.

"Kwa hiyo hakuvuka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wifi yake alikuwa akinitazama kwa nguvu ili niseme ndiyo, na mimi mwenyewe nilitamani kurekebisha kila kitu, nisiache doa. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyonifikisha pale: kutaka kusema jambo kubwa kuliko nililoliona.

"Sijui, haboba," nikasema. "Picha inajua siku hii moja tu. Siku hii alikuwa Arua, mbele ya studio. Siku nyingine sijui."

Wifi yake alisonya. Haboba aliendelea kutazama ule uso, ambao sasa ulikuwa umekaa sawa.

"Siku hii alisema atalala Arua," alisema mwishowe, "na alilala Arua." Akasimama, akaitundika picha mpya mahali pa ile tabaga. Ile ya kwanza alinirudishia. "Hii ya mugeni peleka. Na wewe," akamgeukia wifi yake, "kawaambie watu Alhamisi. Waambie mimi ndiyo napika."

Nilikaa mpaka Alhamisi. Niliulizwa na watu wengi picha ilipigwa wapi, na kila mara haboba alijibu kabla yangu. Hakuna aliyeuliza kuhusu Morris.

Miaka minne imepita. Mzee wa tarumbeta bado anashika funguo, na mimi bado nasoma magari katika picha za barabara, tena vizuri zaidi kuliko zamani. Lakini siku hizi kila filamu ya zamani naiinamisha kwanza mbele ya dirisha, natazama mfuko wa shati na uso wa mtu, halafu ndipo naenda kwenye gari. Mteja asiponiuliza, sisemi. Akiniuliza, naandika jibu kwa penseli nyuma ya picha, na mara nyingi ninachoandika ni kwamba sijui.